Graham Hyslop: Sikio Tulilolisahau

Mwanafunzi wa tamthilia ya Kiswahili humjua Graham Hyslop kwa vichekesho viwili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, vilivyochapishwa mwaka 1957. Humtaja kwa sentensi moja katika insha, akapita. Mwanafunzi wa muziki naye humjua kama mmoja wa wanakamati watano waliouandaa wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Huku ni kumkata mtu mmoja vipande viwili, na hasara ni yetu sisi wa Kiswahili.

Hyslop alikuwa Afisa wa Muziki na Drama katika serikali ya kikoloni. Mwaka 1964 alichapisha mwongozo wa walimu na viongozi wa kwaya. Vichekesho vyake, tukubali, ni vyepesi mno kwa nchi iliyokuwa chini ya hali ya hatari, nami sivitetei. Ninachokitetea ni sikio.

Shadda ya neno la Kiswahili aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiutua mdundo mzito kwenye silabi ya mwisho, neno huvunjika hata kama tahajia yake ni kamilifu. Hapa Mabanga tunayasikia hayo kila Jumapili: tenzi zilizotafsiriwa zikalazimishwa kufuata lahani za Ulaya, waumini wakaziimba kwa moyo wote, na «Bwana» akawa na shadda asiyozaliwa nayo. Mpigaji wa litungu wa Kibukusu hawezi kuitendea lugha yake hivyo.

Wale watano walianza penginepo. Waliichukua lahani ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, na Kipokomo, kama tujuavyo, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Waama, wanne kati yao walikuwa Waafrika, na sifa si ya Hyslop peke yake. Lakini mwandishi wa mazungumzo ya jukwaani alikuwamo chumbani, na ni vigumu kuamini kwamba aliliacha sikio lake mlangoni.

Ni nani katika idara zetu amewahi kuuchanganua wimbo huo silabi kwa silabi? Nilipopendekeza mada hiyo kwa tasnifu yangu, niliambiwa niamue kwanza kama ni ya fasihi au ya muziki. Bado sijajibu.