Fildi Siyo Muhuri

Kila mwaka fomu za kuchagua kituo cha BTP zikitoka, stori za mabwenini zinakuwa zilezile. Nani ana mjomba mkuu wa shule Dar? Shule gani hawasumbui? Wapi wanagonga muhuri haraka ili mtu arudi zake nyumbani? Sijawahi kusikia mtu anauliza: shule gani ina vipindi vingi vya somo langu? Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kwanza ambalo mwanachuo wa ualimu anatakiwa kuuliza. Mengine yote yafuate.

Nasema hivi kwa sababu mwaka jana nilifanya BTP yangu Chiungutwa, wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara. Wenzangu walinipa pole kama vile nimefiwa. Kwa wasiopajua, ni kata ya vijijini, nchi ya mikorosho, ambako unamkuta Mmakua, Myao na Mmakonde wanaishi pamoja. Basi la Dar linakushusha Masasi mjini, halafu unaanza kutafuta usafiri mwingine na begi lako kichwani. Ni kweli ni mbali. Lakini ni wilaya hiyohiyo ya Masasi aliyozaliwa Rais Benjamin Mkapa, kijijini Lupaso, mwaka 1938, na huko ndiko alikoanzia shule. Kwa hiyo tukisema "porini", tujue tunamsema nani.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwalimu wa Hisabati niliyemkuta pale tuligawana naye madarasa, na mimi nikapata vipindi 22 kwa wiki. Rafiki yangu mmoja alipata shule ya mjini. Walikuwa walimu wa mazoezi tisa kwenye shule moja, watatu kati yao wa Hisabati. Yeye alipata vipindi vinne kwa wiki. Kwa wiki nane, mimi nilisimama ubaoni mara 176, yeye mara 32. Vyeti vyetu vitaonesha kitu kimoja: kila mmoja amekamilisha BTP. Lakini tumefanya kazi moja kweli?

Mara 176 zinakufundisha mambo ambayo ukumbi wa mihadhara hauwezi. Chuoni tunaandaa andalio la somo la dakika 40 na kulifundisha mbele ya wenzetu ishirini ambao tayari wanajua jibu. Darasani kwangu walikuwa zaidi ya sabini, na somo linafundishwa kwa Kiingereza kwa watoto walioitumia lugha hiyo kama somo tu huko msingi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naongea, wao wananitazama. Siyo kwamba hawana akili. Neno lenyewe "percentage" ndilo lililokuwa mlima.

Ilikuwa miezi ya kupuliza dawa kwenye mikorosho, na kila nyumba ilikuwa inazungumzia msimu unaokuja. Mtwara korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghalani, unauzwa kwa mnada, ndipo analipwa baada ya makato. Basi nikaandika ubaoni: mzee ana kilo 480, bei ya mnada ni hii, makato kwa kilo ni haya. Ataondoka na shilingi ngapi, na makato ni asilimia ngapi ya mauzo yake? Kijana mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia sauti, akanyoosha mkono na kunitajia kato jingine ambalo mimi mgeni sikulijua. Kuanzia siku hiyo asilimia ikawa mali yao. Hata mama mmoja niliyekuwa nanunua kwake mihogo alinisimamisha njiani: "Mwalimu, mwanangu siku hizi ananipigia hesabu za msingi, anataka kuona karatasi zangu zote." Hiyo mbinu ya kuanzia kwa anachokijua mwanafunzi nilishaijibu kwenye mtihani na nikapata alama. Kuifanya ikafanya kazi ni habari nyingine kabisa.

Kuna atakayesema: sawa, lakini haya yatanipa ajira? Ndugu yangu, ajira yenyewe imebadilika. Huko nyuma wahitimu wengi wa ualimu waliomba na kupangiwa vituo bila usaili. Januari 2025 Sekretarieti ya Ajira ilianza kuwafanyia usaili. Nafasi zilikuwa 14,648, na walioomba walizidi 200,000. Katika foleni hiyo kila mtu ana cheti na wengi wana GPA nzuri. Atakayeulizwa "darasa la watu sabini utalifundishaje?" akajibu kwa kilichomtokea hatakuwa sawa na yule anayekumbuka ukurasa wa noti.

Tena wazo hili siyo geni nchini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa apitie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, ndipo aombe chuo akiwa na mapendekezo ya pale alipofanya kazi. Utaratibu huo ulikuwa na shida zake na baadaye ulilegezwa, wala siombi urudishwe. Ila waliouandika waliona jambo: msomi ambaye hajawahi kufanya kazi ni nusu msomi. Tazama na wenzetu wa udaktari. Wakimaliza miaka yao mitano darasani, bado wana mwaka mzima wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya kupata usajili kamili. Sisi tunaokwenda kushika akili za watoto tunazo wiki chache tu, na hizo nazo tunatafuta namna ya kuzikwepa.

Nawasikia pia wanaosema kwamba shule za vijijini zinatugeuza vibarua wa bure, tunaziba pengo la walimu ambalo serikali ilitakiwa kulijaza kwa ajira. Hoja hiyo ina uzito na siwezi kuipuuza. Vipindi 22 bila mtu wa kukuelekeza ni kazi ya mtu mzima isiyo na mshahara. Na ukweli ni kwamba mimi pesa ya fildi iliingia wiki ya tatu. Kabla ya hapo niliishi kwa kukopa dukani, na kwa ukarimu wa walimu walionikaribisha chakula. Mwenzangu ambaye kwao hawana cha kumtumia angewezaje kuchagua Masasi?

Ndiyo maana sitaki lawama zote ziwaangukie wanachuo. Serikali yetu ya wanafunzi ina kazi ya kufanya, na naomba iibebe kabla ya fomu za mwaka huu kufungwa. Kwanza, pesa ya fildi itoke kabla ya safari, na anayekwenda mbali apewe nauli inayolingana na umbali. Pili, msimamizi kutoka chuoni aje mara mbili, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki mbili za mwanzo, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Akija mara moja wiki ya saba, anakuja kutoa alama tu. Tatu, chuo kikubaliane na shule kwamba mwalimu mwenyeji atakaa nyuma ya darasa angalau vipindi viwili kwa wiki. Nne, idara iweke wazi orodha ya shule na idadi ya vipindi vilivyopo kwa kila somo, na isipeleke walimu wa mazoezi tisa mahali penye kazi ya watatu.

Hayo yakifanyika, kisingizio chetu kitakuwa kimekwisha. Lakini hata yasipofanyika yote mwaka huu, wewe unayejaza fomu wiki hii bado una simu mkononi. Kabla ya kuandika jina la shule, mpigie mkuu wa shule au mtaaluma, msalimie, umuulize swali moja tu: "Nikija, nitapata vipindi vingapi kwa wiki?" Akikujibu vinne, tafuta shule nyingine.