Kuvuta Itavuta, Kusimama Je?



Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Juma hili twaipeleka methali hiyo barabarani, kwa kisa kilichotufika wenyewe.

Tulikuwa tukirejea Mombasa kutoka harusini Mariakani, katika pikapu ya jirani yetu. Mbele tuliketi wanaume watatu. Nyuma walikuwamo akina mama wanane, pamoja na masufuria na mikeka. Kabla ya kuuteremka mlima wa Mazeras tukalikuta basi dogo la wageni wenzetu limezimika. Vijana wakaja na kamba. Mwenye pikapu alisita, nasi, Mola atusamehe, tukamhimiza kwa kumwambia kuwa injini ya dizeli haishindwi na kigari kile.

Bibi mmoja akainua sauti kutoka nyuma: "Mwanangu, kuvuta itavuta. Kwenye mteremko, kusimama itasimama?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Mwenye pikapu akakitoa kitabu cha gari, tukaketi kuhesabu. Pikapu tupu ilikuwa na kilo 2,000, na ikijaa haikuruhusiwa kuzidi 2,900. Nafasi ya watu na vitu, basi, ni kilo 900. Sisi watu 11, kila mmoja tukimkadiria kilo 70, tulikuwa 770 tayari, na masufuria bado hayajahesabiwa. Kitabu kikaongeza kuwa chombo kinachovutwa, kisicho na breki zake chenyewe, kisizidi kilo 750. Basi lile, hata likiwa tupu, lilikaribia kilo 2,000.

Dereva wa basi akateta kuwa gari lake lina breki. Ni kweli, lakini injini ikizima, breki hukosa msaada wake: baada ya kukanyagwa mara mbili tatu huwa ngumu kama jiwe, na usukani nao huwa mzito. Breki za namna hiyo si za kutegemea mlimani.

Na kamba je? Kamba huvuta, haizuii. Penye mteremko hulegea, na gari la nyuma likamgonga aliye mbele yake. Na aliyekuwa mbele yake siku ile ni wake zetu na mama zetu. Chuma cha kuvutia huzuia kugongana, ila hakipunguzi uzito hata kilo moja; mzigo mkubwa ukisukuma kutoka nyuma, mkia wa pikapu huyumba na dereva asiweze kuirudisha. Mwendo nao huzidisha balaa: ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, masafa ya kusimama kwa breki huwa mara nne, si mara mbili.

Tukaifungua kamba. Tulichangishana, tukaita gari maalumu la kuvutia magari, nalo likafika baada ya Isha. Watoto walilia njaa, na baadhi ya wageni walitununia. Twakiri kuwa ilikuwa dhiki. Lakini kila mmoja alilala kwake usiku ule.

Enyi mlio na pikapu, yasomeni maandishi ya gari lenu kabla ya siku ya haja. Jueni hesabu tatu: uzito unaobebwa, uzito unaovutwa, na uzito wa jumla wa magari yote mawili pamoja na kila kilichomo. Hesabu hizi hulana: ukijaza watu nyuma, umepunguza unachoweza kuvuta. Na anayevuta gari lolote asipakie abiria nyuma.

Nanyi akina mama, msiseme kuwa mambo ya magari ni ya wanaume. Anayeketi nyuma ya pikapu ni sehemu ya mzigo, na ana haki ya kuuliza uzito wake umehesabiwa wapi. Jibu lisiporidhisha, teremkeni, hata kama mwenye kuendesha ni mume au kaka. Kumkatalia jirani jambo lisilowezekana si ubahili. Msaada ni kumfikisha salama, hata akichelewa.

Sisi tuliosoma vitabu vingi hatukuliona hilo. Aliliona bibi aliyekuwa amekumbatia sufuria lake.