Kusoma Kusiwe Kuunda: Maoni kuhusu Violesura vya Vifaa Dhahania

Katika ufuko wa Mbamba Bay, anayehesabu mitumbwi iliyovutwa mchangani haongezi mtumbwi hata mmoja. Mtumbwi huongezeka fundi anapouchonga. Vivyo hivyo, katika milima ya Mbinga, Mmatengo anayekagua shamba lake la ngoro hachimbi shimo jipya kwa kulitazama. Kiswahili nacho hutenga ulizo na amri. Mpaka huo, hata hivyo, umevukwa katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na suala hilo linawahusu wanaisimu.

Kifaa dhahania cha vitalu ni hifadhi ambayo programu huiona kama diski iliyogawanywa katika vipande vya ukubwa sawa, ilhali diski yenyewe haipo. Zram, kwa mfano, huhifadhi data iliyobanwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na kwa hiyo hufaa mashine na simu zenye kumbukumbu ndogo. Tangu mwaka 2015, msimamizi wa mfumo anayetaka kuongeza kifaa cha zram husoma faili liitwalo hot_add. Kusoma huko ndiko kunakounda kifaa na kurejesha namba yake.

Yamkini watetezi wa muundo huu watasema kwamba jibu hupatikana kwa hatua moja, jambo lisilowezekana kwa kuandika katika faili la aina hiyo. Hoja hiyo ina uzito, lakini njia nyingine ipo. Kiolesura cha loop-control, kilichoingizwa mwaka 2011, kina amri bayana ya kuongeza, nayo hurejesha namba. Ingawa amri yake ya kutafuta kifaa kilicho huru nayo huunda kipya kisipopatikana.

Athari yake kwa lugha si ndogo. Mradi wa Jambo OpenOffice wa mwaka 2004 ulithibitisha kwamba programu zaweza kusema Kiswahili. Lakini mfasiri wa mwongozo wa zram akiandika “soma”, atakuwa mwaminifu kwa faili na kumpotosha mwanafunzi kuhusu tendo. Akiandika “unda”, atalieleza tendo na kuificha njia. Istilahi haiwezi kuponya kasoro iliyomo katika muundo.

Kwa hiyo, kitenzi cha kiolesura hakina budi kutaja tendo lake, na wanaisimu washirikishwe wakati wa usanifu, badala ya kusubiri kuitwa kutafuta istilahi baada ya kazi kukamilika.