Matanga ya Bon Scott
Alipofariki Bon Scott, mwimbaji wa bendi ya AC/DC ya Australia, mjini London mwezi wa Februari 1980, ndugu Malcolm na Angus Young wa bendi hiyo, ambao huzuni haikuwavunja azma, walimtwaa Mwingereza Brian Johnson ashike nafasi yake, wakaenda kurekodi Nassau, katika visiwa vya Bahamas, na kabla ya Julai kwisha ikatoka albamu ya Back in Black, yenye jalada jeusi tititi kwa ajili ya kumwomboleza marehemu. Humo, wimbo wa Hells Bells hufunguliwa kwa kengele nzito inayolia polepole kabla ya gitaa kuingia, na kwangu mimi taadhima ya maziko hudhihirika hapo kuliko katika tanzia nyingi zilizoandikwa. You Shook Me All Night Long, singo ya kwanza ya albamu hiyo, ni wimbo wa furaha na ashiki, na huenda msikilizaji akauona kuwa ni utovu wa adabu kwa watu waliofiwa. Nami nasema hasha, kwani marehemu mwenyewe aliyaimba mambo hayo hayo kwa bashasha, na wenziwe wangalimdhulumu lau wangalimlilia kwa sauti asiyoijua.