Kihisi kisicho na betri, na kisichodanganyika

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie plastiki.

Kuna polima ambazo zikigusana na kemikali fulani hubadili rangi zenyewe. Hakuna betri, hakuna waya. Mwaka 1993, Deborah Charych na wenzake huko Berkeley, Marekani, walionyesha utando wa polidiasetilini wa samawati uliogeuka mwekundu virusi vya mafua viliponaswa juu yake. Polianilini nayo huwa ya kijani, ikikutana na amonia inakuwa samawati. Mwaka 2012 watafiti wa Indonesia waliijaribu kama kibandiko kwenye pakiti za mwatiko, samaki ambaye hata Pwani yetu anafugwa. Samaki anapooza hutoa mvuke wa jamii ya amonia, na kibandiko kinageuka.

Sisi watu wa kompyuta tukisikia hivyo, wazo la kwanza ni: tuandike programu ya simu, kamera isome rangi! Mimi nasema hapo si pa kuanzia. Kamera ya simu hujirekebishia rangi kulingana na mwanga. Utando uleule, juani na chini ya taa ya duka, unaweza kukupa majibu mawili.

Sasa hebu tazama kichupa cha chanjo ya polio kwenye zahanati. Kina duara, na ndani yake mraba mdogo. Alama hiyo ilianza kutumika mwaka 1996. Mraba una diasetilini, ndugu ya ile ya Berkeley, ambayo joto linavyozidi kujumlika huungana kuwa polima na kukoza rangi. Mraba ukifikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki. Basi. Ndiyo, huo unapima joto, si kemikali, lakini somo ni lilelile: muuguzi analinganisha tu, na mwanga ukibadilika, unabadilika kwa vyote viwili.

Tena mraba haurudi nyuma. Hata ukirudisha kichupa kwenye friji, rangi inabaki pale pale. Polianilini ni tofauti: ukiitia asidi inarudi kijani, tayari kutumika tena. Kiwandani, ambako kihisi kinachunga hewa siku nzima, hiyo ni faida. Sokoni ni mlango wa nyuma. Mchuuzi mjanja atakiosha kibandiko na kukuuzia samaki wa juzi kama wa leo.

Kwa hivyo, anayetaka kutuletea vihisi hivi kwa samaki au maziwa, naomba mambo mawili kabla ya programu yoyote: rangi ya kulinganisha iliyochapwa pembeni, na rangi isiyorudi nyuma. Mama anayenunua samaki jioni asihitaji simu ya bei ghali ndipo ajue kama anawapelekea watoto chakula kilichooza. Simu ije baadaye, kuhesabu na kutuma ripoti.

Nyinyi mnaonaje?