Kosa la Mlenga Shabaha Hutangulia Mlio

Tarehe 30 Julai 2024, katika uwanja wa shabaha wa Châteauroux nchini Ufaransa, Mturuki mmoja mwenye umri wa miaka 51, Yusuf Dikeç, alisimama akiwa ametia mkono mmoja mfukoni, akainua bastola ya upepo kwa mkono wa pili, akafyatua. Yeye na mwenzake, Şevval İlayda Tarhan, walijipatia medali ya fedha ya Michezo ya Olimpiki. Picha yake ikaenea ulimwenguni, na watu wengi wakaifasiri kwa namna moja tu: kwamba kulenga shabaha ni jambo jepesi, la mtu kutoka nyumbani kwake na fulana yake, akafyatua, akarudi na medali.

Fasiri hiyo haikuwa sahihi. Dikeç alikuwa ameshiriki Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 2008. Mkono wake mfukoni haukuwa mbwembwe. Ni desturi ya walenga shabaha wa bastola kuutuliza mkono usio na kazi ili usiyumbishe mwili. Picha ile ilikuwa ya kweli, lakini iliwapotosha watazamaji kwa sababu ilionyesha tukio moja tu na kuficha yote yaliyolitangulia.

Na hilo ndilo tatizo kubwa la mchezo huu. Tundu likionekana kwenye shabaha, kila mtu hulitazama tundu. Bastola ikiruka mkononi, kila mtu huutazama mruko. Lakini chanzo cha tundu lile kimekwisha kupita, tena kimepita upesi kiasi kwamba jicho la binadamu haliwezi kukidaka. Ndiyo maana waalimu wa mchezo huu katika nchi zilizoendelea wameichukua kamera ya kasi, yaani kamera ipigayo mamia au maelfu ya picha kwa sekunde moja, wakaifanya kuwa chombo cha kufundishia. Yafaa jambo hili litazamwe kwa makini, kwa maana lina mafunzo yanayovuka mipaka ya uwanja wa shabaha.

JICHO HALITOSHI

Kutumia picha ili kuona kisichoonekana si jambo geni. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia ya farasi na kuthibitisha kwamba farasi anayekwenda mbio hufika wakati ambapo kwato zote nne zimeacha ardhi. Wachoraji walikuwa wamemchora farasi kwa karne nyingi bila kuliona hilo. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, akaielekeza kwa ndege warukao. Miaka michache baadaye, mwaka 1887, Ernst Mach na Peter Salcher walitangaza picha za risasi ikiwa angani, pamoja na wimbi la hewa inalolisukuma mbele yake. Hivyo basi, kamera na bunduki ni majirani wa siku nyingi.

Ili kufahamu kwa nini jicho halitoshi, hesabu chache zinahitajika. Katika shindano la bastola ya upepo, mlenga shabaha husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha. Duara la pointi kumi lina upana wa milimita 11.5 tu, na risasi yenyewe ina upana wa milimita 4.5. Bastola ina alama mbili za kulengea, moja mbele na moja nyuma. Tuseme alama hizo zimetengana kwa milimita 320. Alama ya mbele ikiteleza kando kwa milimita moja tu, risasi itakwenda kombo kwa milimita 31 hivi itakapofika kwenye shabaha. Milimita moja mkononi imempeleka mtu kutoka pointi kumi hadi pointi saba.

Sasa na utazamwe muda. Risasi ya bastola ya upepo ikienda mita 150 kwa sekunde, itaufikia mwisho wa safari yake chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Video ya kawaida hupiga picha 25 kwa sekunde. Baina ya picha moja na nyingine risasi hiyo imekwisha kwenda mita sita. Kamera ya picha 1,000 kwa sekunde hupunguza mwanya huo hadi sentimita 15. Kwa kamera ya kwanza, kidole, mkono, mlio na mruko ni tukio moja lililovurugika. Kwa kamera ya pili ni matukio manne, kila moja na zamu yake.

KIPI KILITANGULIA?

Thamani ya kamera hii, kwa hiyo, si uzuri wa picha zake. Thamani yake ni kupanga mambo kwa utaratibu wa kutokea kwake. Binadamu akisikia mlio, huhitaji muda ili ubongo upokee habari na misuli itende, na muda huo kwa kawaida hukaribia sehemu ya tano ya sekunde, au unapungua kidogo. Risasi haimngojei. Kidole kikisha kuachilia kifyatulio, risasi huuacha mtutu katika maelfu machache ya sekunde. Maana yake ni moja: mshtuko unaokuja baada ya mlio, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuiharibu risasi iliyokwisha kuondoka. Kinachoharibu risasi ni kile kilichotokea kabla.

Hapa ndipo kamera ilipowaumbua wengi. Kwa muda mrefu mwanafunzi aliyekuwa akipiga chini ya shabaha aliambiwa kwamba anaogopa mlio, akaitwa mwoga, na wengine wakaacha mchezo kwa aibu. Filamu huonyesha jambo jingine. Mwanafunzi hajibu mlio, anautangulia. Mwili wake umekwisha kujua kwamba bastola itapiga teke, nao unajitayarisha kulipinga teke hilo kabla halijaja: kifundo cha mkono kinakazana, mdomo wa mtutu unainama, na ndipo risasi inapotoka. Hiyo si tabia ya uoga. Ni mazoea, na mazoea hurekebishwa kwa mafunzo, wala si kwa matusi.

Wako waalimu wanaolithibitisha hilo kwa njia rahisi sana. Mwalimu huijaza bastola mwenyewe, akichanganya risasi za kweli na risasi bandia, kisha humpa mwanafunzi bila kumwambia zipi zimekaa wapi. Inapofika zamu ya risasi bandia, hapana mlio wala teke. Lakini mtutu huonekana ukiinama peke yake, kana kwamba umesukumwa. Kamera ikiwa imewekwa ubavuni, mwanafunzi hujiona kwa macho yake. Mabishano hukoma hapo.

Filamu hufichua pia makosa madogo zaidi. Kanuni za mashindano zinataka kifyatulio cha bastola ya upepo kisilegee chini ya uzito wa gramu 500, yaani nusu kilo ya sukari. Kidole cha shahada kinaweza kuuvuta uzito huo moja kwa moja kuelekea nyuma, au kinaweza kuusukuma kando. Vidole vingine vinaweza kutulia juu ya mpini, au vinaweza kuubana pamoja na kidole cha shahada, kama mkono unaokamua chuchu ya ng'ombe. Kwa jicho la kawaida mikono hiyo miwili ni sawa. Kwa kamera ya kasi, mmoja umeiacha alama ya mbele mahali pake na mwingine umeivuta chini.

Katika shindano la kufyatua kwa haraka la mita 25, kazi ya kamera huwa kubwa zaidi. Mshindani huanza mkono ukiwa umeteremshwa, kisha huuinua na kupiga shabaha tano, risasi moja kwa kila shabaha, kwanza kwa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Katika sekunde hizo nne hapana nafasi ya kufikiri. Kila teke lazima liishe na alama za kulengea zirudi mahali pake wakati mkono unakwenda kwenye shabaha inayofuata. Filamu humwambia mwalimu kama bastola hurudi kwa njia ile ile kila mara, au kila risasi ina njia yake.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba mabingwa wa zamani walishinda bila kamera za namna hii, na hoja hiyo haifai kudharauliwa. Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wake wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akanyakua medali ya dhahabu ya bastola ya kufyatua kwa haraka mjini London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Hapana kamera iwezayo kumpa mtu moyo wa namna ile. Lakini mfano wa Takács haupingi elimu, unaiunga mkono. Mtu huyo alikubali kuyaacha mazoea yote ya mkono mmoja na kuanza tena kama mtoto wa darasa la kwanza. Kamera humwomba mwanafunzi wa leo jambo lile lile, yaani akubali kujiona alivyo, kisha aanze upya.

Wengine watasema kwamba hiki ni chombo cha matajiri. Zamani ilikuwa kweli. Lakini tangu mwaka 2014 zimekuwapo simu za mkononi zinazopiga picha 240 kwa sekunde, yaani picha moja kila baada ya maelfu manne ya sekunde. Simu hiyo haitaiona risasi, lakini mtutu unaoinama itauona vizuri. Inayohitajika ni akili ya kuitumia: kuisimamisha mahali pasipotikisika, ubavuni au nyuma, wala kamwe si mbele ya mtutu, na kuipa mwanga wa kutosha, kwa kuwa kila picha hupata mwanga kwa muda mfupi mno. Taa nyingi za umeme wa kawaida hupepesa mara 100 kwa sekunde na kuichafua filamu. Jua halipepesi, na katika nchi kama Tanzania halilipiwi ankara.

Hatari ya kweli haipo kwenye bei. Ipo kwenye kununua chombo na kumsahau msomaji wake. Kamera haijui kosa ni lipi. Mwalimu ndiye anayejua. Kamera haimwambii mtu jicho lake lilikuwa likitazama alama ya mbele au shabaha, wala haimwambii alikuwa akiwaza nini. Tena, mwanafunzi aliyetazama filamu mia moja, kisha akasimama katika mashindano akiwaza habari za kifundo na kidole, atapiga vibaya kuliko asiyetazama hata moja. Filamu ni ya mazoezini. Siku ya mashindano mwili uachwe utende ulichofundishwa.

FUNZO KWA MWALIMU NA MTUMISHI

Bastola si kifaa cha shule, na hapana anayependekeza iwe. Lakini njia hii ya kutazama ni mali ya kila mwalimu wa michezo. Mrusha mkuki, mruka juu na mkimbiaji anayeanza mbio wote hukosea kwanza mahali ambapo jicho halifiki, kisha hulaumiwa mahali ambapo matokeo yameonekana. Mwalimu mwenye simu mkononi na subira moyoni anaweza leo kumwonyesha kijana wake kile ambacho Muybridge alihitaji msururu wa kamera ili kukiona.

Na nje ya uwanja, funzo ni lile lile. Matokeo ya mtihani ni tundu kwenye shabaha. Hesabu ya mwisho wa mwaka katika ofisi ni tundu kwenye shabaha. Ni rahisi kulitazama tundu na kumkaripia aliyelitoboa, na mara nyingi ndivyo inavyofanyika. Ni kazi ngumu zaidi kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi kuipata ile milimita moja iliyoteleza wakati hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama. Mwalimu wa shabaha amekwisha kujifunza kwamba karipio linalotolewa baada ya mlio halijapata kurudisha risasi hata moja. Waliobaki na wajifunze kwake.