Fungate si safari ya mzigo

Shoga zetu maharusi, mkivuka na waume zenu kwenda Dar kipindi cha masika, Kariakoo ipeni siku moja tu. Sisi tulikwenda kutembea, tukaishia Mtaa wa Kongo kuchagua vitambaa vya duka letu, mvua inatupiga. Jioni Jangwani pamejaa maji, mwendokasi umesimama, na chumba tumekodi Magomeni, ng'ambo ya pili. Mume kabeba furushi kichwani, kimya. Lesi nyekundu ikachujia ile nyeupe. Hasara hiyo tuliimeza. Lakini mume si mchukuzi, ana haki yake, na mzigo siku hizi unaagizwa kwa simu ukapakiwa botini. Chai ya kwanza ya utulivu tuliinywa bandarini, tukisubiri boti ya kurudi Unguja.